Tumchekapo Baba wa Watu



Wengi wetu wameiona filamu ya kuchekesha ya mwaka 2002, My Big Fat Greek Wedding. Toula, binti wa Kigiriki wa Chicago, apendana na mwalimu asiyekuwa Mgiriki. Baba aghadhibika; hata kijana alipobatizwa kanisani mwao, ridhaa yake ilipatikana kwa shida.

Binti yule alikuwa akitoka kwa siri, akisingizia kwenda darasa la ufinyanzi. Hilo kwetu si halali. Lakini mlango wa kweli ni nani aliyeufunga?

Twamcheka mzee yule. Na sisi je? Ajapo kijana mwenye dini na tabia njema kuposa, hatuulizi Sala yake. Twauliza kabila lake na mji wa babu yake.

Fatima binti Qais, Mkureshi, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo alichukia, kisha alitii, na Mwenyezi Mungu akamtilia kheri.

Enyi wazee, mkiufunga mlango wa halali kwa ajili ya nasaba, wa haramu mmeufungua wenyewe. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.