Mtoto Mchanga Melini na Swali la Ridhaa
Kampuni nyingi za meli za kitalii zinazong'oa nanga Miami kuelekea visiwa vya Karibi humtaka mtoto awe ametimiza miezi 6 kabla ya kupanda, na miezi 12 iwapo meli itavuka bahari kuu, kwa kuwa zahanati ya melini, hata ikiwa na daktari, si hospitali ya watoto. Kanuni hiyo hujibu suala la usalama, lakini huliacha kando swali gumu zaidi, yaani safari hiyo ni ya nani. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, alishikilia kwamba nafsi, maana yake yule mtu anayebaki kuwa yeye yule licha ya kupita miaka, hufungamana na kumbukumbu. Na kwa kuwa watu wazima kwa kawaida hawakumbuki miaka yao miwili ya mwanzo, ingefuata kwamba abiria huyo hakusafiri kamwe, hitimisho ambalo mama aliyekesha akibadilisha nepi katika chumba chembamba kinachoyumba angelicheka. Raha na karaha ya mtoto ni halisi inapotokea, ikumbukwe isikumbukwe. Ridhaa, yaani kukubali kwa hiari na kwa kuelewa, hana. Hivyo mzazi huamua kwa niaba yake kama mshika amana, ambaye katika mafundisho ya Kiislamu ataulizwa namna alivyoitunza. Mshika amana hakatazwi kufurahi, ila bwawa la kuogelea, ambalo katika meli nyingi mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia, si hoja kwa upande wa mtoto. Kinachomhusu ni usingizi wa saa zake, maziwa, na kivuli kwenye sitaha jua linapokuwa utosini.