Samaki Hakunjwi kwa Rungu

Kila mwaka makambi ya kanisa yakiisha, wazazi hunijia na malalamiko yaleyale ambayo mama zao waliniletea zamani. Mtoto haambiliki. Mtoto ana siri. Mtoto akisikia hatua zangu mlangoni anahama chumba. Nawakaribisha chai, nawaacha waseme mpaka waishiwe, kisha nauliza swali moja tu: mara ya mwisho mtoto huyu alipokuambia ukweli, ulimfanya nini?

Wengi hunyamaza, maana jibu wanalo. Alisema amevunja glasi, akachapwa. Alisema amekuwa wa mwisho darasani, akachapwa. Alisema kuna kijana wa bodaboda anayemsumbua njiani, na hapo pia akachapwa yeye, kijana akaendelea na safari zake. Mtoto si mjinga, wanangu. Anapiga hesabu, anaona kwamba katika nyumba hii ukweli una bei ghali, basi anaacha kuuleta. Ukali hununua kimya. Mzazi akishakinunua hudhani amepata utii, na miaka kumi hupita kabla hajajua alichobeba kwenye kikapu.

Tazameni Ijumaa jioni katika boma la Wasabato, liwe Oyugis au Rongo. Jua linashuka na matayarisho hayajaisha. Nyama ya kesho ingali jikoni, pasi ya makaa iko juu ya sare ya kwaya, viatu havijapakwa rangi. Mtoto wa miaka sita anabeba jagi la maziwa, anateleza, maziwa yanatapakaa kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mwiko unatoka kwenye sufuria ya ugali ungali moto, unamshukia mgongoni. Muda si muda jua linazama, watu wanakaa, wimbo wa kufungua Sabato unaanza, na yule mdogo anaimba na wenzake huku kamasi zikimtoka na ugali umeganda kwenye shati. Mamake simhukumu. Ameamkia shambani, mume yuko Nairobi, karo haijalipwa, na yeye mwenyewe alilelewa vivyo hivyo. Lakini mtoto amepata somo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa: kwamba Mungu huingia nyumbani nyuma ya mwiko.

Ukiwagusia jambo hili watakufungulia Mithali sura ya 13, pale penye fimbo. Hata asiyejua kusoma anajua pale. Siwakatazi kupasoma. Ila Waefeso sura ya 6, Paulo anapowaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, hupitwa mbio kana kwamba ukurasa umeshikana. Na katika Wagalatia sura ya 5, upole umekaa meza moja na upendo na furaha. Mtume hakuutenga pembeni uwe wa wenye damu baridi tu. Kisha someni Luka 15 polepole. Kijana amekula mali yote, anarudi akinuka nguruwe, na baba anakimbia kumlaki. Mzee mzima, anakimbia! Kwetu Karachuonyo mzee hakimbii mbele za watu hata mvua ikimkuta uwanjani. Yule baba alikubali kupoteza heshima yake ili mtoto asipotee mara ya pili.

Wengine huniletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kabisa. Lakini sisi ni watu wa ziwa, tumewaona mama zetu wakimwandaa samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nani alimkunja kwa rungu? Unamshika taratibu, kichwa mkono huu, mkia mkono ule, unamwinamisha kidogo kidogo mpaka akubali. Ukitumia nguvu ngozi inapasuka, na sokoni mnunuzi anampita.

Zamani kabla shule hazijaenea, wasichana wa Kijaluo walilala siwindhe, nyumba ya nyanya, na wavulana wakaota moto kwenye duol, kibanda cha wazee bomani. Mafunzo yalipitia kwenye hadithi na vitendawili. Sitawapaka sukari wazee wale. Walikuwa na ukali wao. Lakini msichana alikuwa na mtu mzima wa kumwambia lile ambalo hawezi kumwambia mamake. Leo siwindhe haipo, na nyanya amebaki na simu ya kupokelea pesa za matumizi.

Matokeo tunayaona. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Homa Bay, na Migori vilevile, wasichana 23 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 15. Sisemi ukali wa nyumbani ndio uliozaa yote haya. Kuna njaa, kuna jaboya kule ufuoni, ambako mvuvi anamuuzia samaki mwanamke kwa sharti la mwili wake, kuna sodo ambayo mama hakuweza kuinunua na mtu mwingine akainunua. Ninachosema ni kwamba msichana anayemwogopa mamake kuliko anavyomwogopa yule mtu hana pa kukimbilia mapema, siku ambayo jambo bado linazuilika. Na kwa dawa za UKIMWI ni hivyo hivyo. Katika utafiti wa 2018, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano hapa Homa Bay alikuwa na virusi vya UKIMWI, na tunao vijana waliozaliwa navyo, wanaomeza vidonge kila siku. Kijana anayefokewa kwa kusahau dozi hajifunzi kukumbuka. Anajifunza kusema amemeza.

Na kanisani je? Msichana akishika mimba jina lake linasomwa mbele ya watu, anavuliwa sare ya kwaya, anahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba besi. Serikali tangu 1994 imesema msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa kumrudisha. Si haki mlango wa shule uwe mpana kuliko mlango wa kanisa. Hata waliotuletea kanisa hili walianza kwa kusikiliza. Carscallen, mmisionari Mkanada, na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi leo, walifika mlima wa Gendia juu ya Kendu Bay mwaka 1906. Carscallen alikaa chini akajifunza Dholuo, akaandika sarufi ya lugha hii. Huwezi kuandika sarufi ya watu usiowasikiliza. Sisi tuliozaliwa na lugha hii kinywani tunashindwa kuwasikiliza watoto wetu wenyewe.

Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaja kukataza adhabu ya viboko kabisa, nilisikia vilio kwamba watoto watatushinda. Nawaelewa waliolia. Mtu ukimnyang'anya kifaa pekee anachokijua, lazima aogope. Lakini upole si kumwachia mtoto afanye atakalo. Aliyeiba mayai ya jirani ayarudishe mwenyewe, kwa miguu yake, aombe msamaha kwa mdomo wake, nawe ukiwa umesimama kando yake. Hiyo ni kazi ngumu kuliko viboko sita, kwa sababu viboko huisha kwa dakika moja, lakini njia ya kwenda kwa jirani na kurudi mnaitembea wawili, mkizungumza. Nimeona wengi waliochapwa kwa kuiba wakaendelea kuiba kwa ufundi zaidi. Waliosindikizwa hivyo, wengi wao waliona haya wakaacha.

Nyathina, mwanangu, umechoka, najua. Kila anayelea amechoka, na siku nyingine mkono utatangulia akili. Ikitokea, mwite mtoto umwambie umekosea, wala heshima yako haitapungua. Nanyi wazee wa kanisa, kabla jina la msichana halijasomwa mbele ya watu, mmoja wenu na aende kwao kwanza, akae, anywe chai, amsikilize mpaka mwisho. Na mtoto akikuletea ukweli usiku wa leo, mshukuru kwa kuuleta. La adhabu mtalizungumza kesho, mkishalala.