Wafu Wasio na Kaburi

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Wakristu waenda makaburini, wapalilia majani, wawasha mishumaa, wasali. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini wako watu ambao mwezi huu huwaongezea uchungu: ndio wale ambao ndugu zao walimezwa na maji, wala hawana mahali pa kupiga magoti. Kwa ajili yao twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za chombo kimoja cha vita.

Wapolandi walikuwa na nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji, iliyoitwa Orzeł, maana yake Tai. Iliundwa Uholanzi, ikashushwa majini mwaka 1938, na sehemu ya gharama yake ilitoka katika michango ya wananchi wenyewe. Septemba 1939, vita ilipokwisha kuanza, iliingia bandari ya Tallinn katika Estonia, nchi isiyokuwa upande wowote, ikamshusha kapiteni wake aliyekuwa mgonjwa. Wakuu wa huko wakaizuia, wakachukua ramani zake, wakaanza kuondoa silaha zake. Usiku wa kuamkia tarehe 18 mabaharia wakawakamata walinzi wawili waliowekwa humo, wakatoroka, wakiongozwa na Jan Grudziński.

Adui wakatangaza kwamba walinzi wale wameuawa. Kumbe sivyo! Mabaharia waliwashusha salama karibu na kisiwa cha Gotland, Sweden, wakawapa chakula na fedha za safari. Kisha wao wenyewe, wakifuata ramani waliyoichora kwa msaada wa kitabu cha minara ya taa, wakapenya katikati ya adui, wakafika Uskoti tarehe 14 Oktoba.

Tarehe 8 Aprili 1940, karibu na pwani ya Norway, nyambizi hiyo iliikuta meli Rio de Janeiro iliyowabeba kwa siri askari wa Kijerumani. Ikaiamuru isimame na watu washuke. Amri haikutiiwa, meli ikazamishwa, na askari wengi wakafa maji. Tarehe 23 Mei Orzeł ikaondoka tena Uskoti kwenda kulinda bahari. Ndani yake walikuwamo watu 63: Wapolandi 60 na Waingereza 3. Haikurudi. Mabaki yake yametafutwa mara nyingi, na bahari haijayatoa.

Je, watu hao wamepotea? Kwetu sisi wamepotea. Kwa Mungu hakuna aliyepotea. Mtume Yohane, katika kitabu cha Ufunuo, aliiona bahari yenyewe ikiwarudisha wafu wake mbele ya kiti cha hukumu. Kaburi ni faraja yetu sisi tuliobaki. Marehemu hahitaji jiwe lenye jina lake, ahitaji sala. Yuda Mmakabayo alipoona askari wake wameanguka vitani, tena wakiwa na hatia ya dhambi, hakuridhika kuwazika tu. Alichanga fedha ili itolewe sadaka kwa ajili yao. Basi yatukasirisha kusikia kwamba wako Wakristu wasiomwombea Misa ndugu aliyezama, ati kwa kuwa maiti haikuonekana. Na wengine, badala ya kwenda kwa padre, waenda kwa mganga kuuliza mwili uko wapi. Fedha ya mganga haimtoi mtu toharani.

Lakini twasema zaidi. Katika bahari ileile wamelala mabaharia wa Orzeł na askari wa Rio de Janeiro. Je, tuwaombee hao na kuwaacha hawa? Bwana wetu msalabani aliwaombea waliomsulubisha. Na mabaharia wale, wakiwindwa kama wanyama, waliwahurumia walinzi wao. Ikiwa mtu mwenye silaha mkononi aliweza kumpa mlinzi wake mkate, sisi tusio na silaha twashindwaje kumtolea sala adui aliyekwisha kufa? Ambaye moyo wake unachagua wafu, huyo bado yumo vitani.

Nalo Kanisa, mama mwenye hekima, halikumwacha asiye na kaburi. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba latoa kila siku rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa Mkristu azuruye makaburi na kuwaombea wafu, akiungama, akipokea Komunyo, akisali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuchukia kila dhambi. Halikusema ni lazima liwe kaburi la ndugu yako. Makaburi yoyote yafaa. Huko Tengeru, karibu na Arusha, wamezikwa Wapolandi waliokimbizwa na vita ileile, mbali kabisa na kwao. Mkristu wa Meru apigaye magoti hapo aweza kuwaombea hao, na wenzao walio chini ya bahari, na mvuvi wa kijiji chake ambaye mtumbwi wake ulirudi mtupu.

Basi, wapenzi wasomaji, twendeni makaburini juma hili. Tukimaliza kusali mbele ya makaburi ya jamaa zetu, tusiondoke upesi. Tubaki kidogo, tuwaombee wale ambao maji ndiyo kaburi lao, rafiki na adui pamoja. Mungu ajua kila mmoja alipolala.