Ramadhani 17: Kijana na betri mbovu

Ndugu zangu wa Kirando na mlio mbali,

Juzi baada ya tarawehe kijana wetu mmoja wa madrasa alinionyesha taa aliyoiunda kwa betri ya kompyuta mbovu aliyopewa na fundi simu. Nikamwambia, "Hayo makopo yatakupotezea Ramadhani. Juzuu umefika ya ngapi?" Akanyamaza, akaondoka. Wallahi usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikamwita, nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema, "Shekhe, baba mdogo akienda kuvua dagaa, betri za tochi zikiisha anazitupa ziwani. Na mama anateka maji hayo hayo." Neno "mazingira" hakulitaja hata mara moja.

Semina tumekaa nyingi jamani, na fulana tumegawiwa. Lakini huyu kasukumwa na ndoo ya mama yake, na pesa ya betri inayokula faida ya dagaa. Mtanzania mwenzetu Gibson Kawago naye alikulia kijiji kisicho na umeme. Anachambua betri za kompyuta zilizotupwa, na vipande vya ndani vilivyo bado vizima anavifanya betri mpya. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimweka miongoni mwa viongozi wake vijana.

Wapo watakaosema, "Huyo anatafuta pesa tu." Na akitafuta? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachotoa mtu kwa familia yake akitaraji malipo kwa Allah ni sadaka, na kuondoa udhia njiani ni sadaka. Betri inayovuja majini si udhia? Nia yake tumsaidie kuinyoosha, tusimvunje. Surat Ar-Rum aya ya 41 inaeleza kuwa uharibifu wa bara na bahari umechumwa na mikono ya watu. Tuliuonja 2024, ziwa lilipofungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ile mimi sikumuuliza kijana hata mmoja ana wazo gani.

Nimemwomba radhi. Leo baada ya tarawehe atakuwa barazani na ndoo yake. Leteni betri zilizokwisha. Za tochi hawezi kuzifufua, ila zitakaa mbali na maji.

Na juzuu nimemuuliza tena, kwa upole safari hii. Yuko ya kumi na tisa, kanipita.