Kisiwa cha Mapumziko ni cha Nani?

Kila mara vijana wa parishi wanaposema kwamba Jumamosi ijayo wangependa kwenda kutembea Saanane, hakosekani mzee wa kuuliza, "Kufanya nini? Huko kuna nini ila mawe na pimbi?" Na hakosekani mama mwuza dagaa wa kuongeza lake: "Mume wangu akisogeza mtumbwi huko anakamatwa, lakini ninyi mnapelekwa kunywa soda." Watu hucheka, kisha mazungumzo hugeukia mambo mengine. Sisi twaona kwamba hayo ni maswali mawili ya haki kabisa, tena si swali moja. Mzee anauliza kama mapumziko yana faida. Mama anauliza kama mapumziko hayo ni halali maadam yanamgharimu mtu mwingine.

La mzee halitatuchukua muda mrefu. Torati haikuwaamuru watu wakuu peke yao wapumzike. Ilimtaja mtumwa, na mgeni aliye malangoni, hata ng'ombe na punda. Na Mtakatifu Marko, katika sura ya 6, anatusimulia jinsi Bwana wetu alivyowaona mitume wamechoka, wasipate hata nafasi ya kula, akawachukua kwa mashua mpaka mahali pasipo watu ili wapumzike kidogo. Kwa mashua, ndugu zangu, na ng'ambo ya ziwa. Anayedhani kwamba kwenda kukaa kisiwani nusu siku ni uvivu na aisome sura ile.

Hatusemi kwamba kila mtu lazima avutiwe na wanyama. Mwalimu Nyerere mwenyewe alinukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba. Hata hivyo ni yeye aliyetoa lile Tamko la Arusha la Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, kwamba wanyama na mahali wanapoishi ni amana ambayo tumekabidhiwa kwa ajili ya wajukuu wetu. Jambo hili hutupendeza sana. Mtu alitunza kitu ambacho hakukipenda kwa starehe yake mwenyewe, kwa kuwa aliona si chake. Kutunza unachokipenda si kazi kubwa.

Sasa tuje kwa mama mwuza dagaa, maana yeye ndiye aliyetukosesha usingizi.

Saanane ni kisiwa kidogo ambacho kila mtu wa Mwanza anakiona kutoka Capri Point, mwendo wa dakika chache kwa boti. Hifadhi yote, mawe na maji yake, ni kilometa za mraba 2.18 tu, wala hakuna Hifadhi ya Taifa iliyo ndogo kuliko hiyo katika nchi yetu. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akilima na kuvua samaki pale kabla Serikali haijakitwaa kisiwa mwaka 1964 kwa ajili ya bustani ya wanyama. Baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa.

Msomaji wa Biblia akisikia habari ya serikali kutwaa shamba la mtu ili pawe bustani, mara moja atamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Lakini yafaa tuwe waangalifu. Ahabu alitaka bustani ya mboga kando ya nyumba yake mwenyewe, akala chakula chake juu ya damu ya jirani. Saanane palikusudiwa watu wote, mtoto wa karani na mtoto wa kuli, wapate kuona wanyama ambao wasingaliweza kuwaona bila kusafiri mpaka Serengeti. Tena jina la mzee lilibaki. Ni wafalme wangapi waliojitengea misitu ya kuwindia wakaiita kwa jina la mkulima aliyeondoka? Hata hivyo kusudi jema halifuti gharama. Linaigeuza kuwa deni. Mtu akiondoka shambani kwa ajili ya wote, basi wote wanadaiwa, na deni hilo hulipwa kwa kuhakikisha kwamba kweli ni wote wanaofaidi.

Bustani ile ilikuwa na vizimba. Tuliofundisha maarifa ya viumbe katika chuo cha ualimu twajua thamani ya kumwonyesha mwanafunzi mnyama mwenyewe badala ya picha ya ukutani. Lakini twajua pia kwamba simba aliye kizimbani hamfundishi mtoto habari za simba. Anamfundisha habari za kizimba. Pimbi wanaojianika juu ya mawe ya Saanane, ambao hakuna aliyewafunga, wanafundisha zaidi. Hao ndio wibari wa Zaburi ya 104, na mawe wanayokalia yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Mzee wetu akisema hapana kitu ila mawe na pimbi, amesema mengi kuliko anavyodhani.

Saanane palikuwa pia kituo cha wanyama waliokuwa safarini kwenda Rubondo, na hapo kuna habari ambayo kila Mkristo angefaa kuijua. Rubondo ni kisiwa kikubwa kilicho kusini magharibi mwa ziwa, sehemu kubwa yake ni msitu. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, na wakazi wake walihamishwa katika miaka hiyo ya 1960. Wenyeji halisi wa majini na vichakani ni viboko, mamba, fisi maji, pongo, na yule nzohe mwenye kwato ndefu zilizotanuka, anayetembea juu ya matete bila kuzama na kujificha majini mpaka pua tu ibaki nje. Wengine waliletwa: twiga, tembo, faru weusi. Faru waliishia mikononi mwa majangili. Twiga wanaendelea vizuri.

Lakini kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Zuolojia la Frankfurt walileta sokwe 17. Hawa walikuwa wamekamatwa porini Afrika wangali wadogo, wakapelekwa Ulaya, wakakaa katika vizimba miaka mingi. Wakafunguliwa Rubondo, ambako hapakuwa na sokwe kabla yao, wala hawakufundishwa kwanza namna ya kuishi msituni. Baadhi ya madume, kwa kuwa walikuwa wamezoea watu hata wasiwaogope, waliwashambulia watu, ikalazimu kupigwa risasi. Waliobaki walijifunza kula matunda ya mwitu, wakajenga viota juu ya miti, wakazaa. Leo wajukuu na vitukuu vyao ni wengi mara kadhaa kuliko wale 17, nao huwakimbia watu kama sokwe yeyote wa porini. Sisi twaona hiyo ni malipo ya kweli, ingawa hayakutimia. Aliyeibiwa hakurudishiwa kwao. Alipewa mahali pengine. Na mahali hapo palikuwa na watu waliohamishwa. Ndivyo yalivyo mema mengi tunayoyatenda hapa duniani, huwa na mtu pembeni ambaye hakuulizwa.

Pamoja na hayo ziwa lenyewe lina habari ya mgeni mwingine. Sangara aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Kabla yake ziwa lilikuwa la furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, ambao aina zao wataalamu huzihesabu kwa mamia, na ambao jike hubeba mayai na watoto kinywani mwake asile mpaka waweze kujitegemea. Sangara aliwala, na aina nyingi zikatoweka. Wapo wasemao kwamba hasara hiyo ni ya wataalamu tu, kwani furu ana miiba mingi na sangara ana minofu. Ni kweli sangara alileta viwanda, fedha na ajira. Lakini ni kweli pia kwamba minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na mapanki yakabaki kwetu, na mama ambaye zamani angalinunua furu kwa senti chache alijikuta ananunua kichwa na mifupa.

Sasa basi, sangara huyo huyo ndiye anayetuletea ugumu wa mwisho. Ndani ya mipaka ya Rubondo mvuvi wa kawaida haruhusiwi kutia nyavu, na hilo twalikubali kwa moyo wote. Ghuba tulivu na matete ni mahali samaki wanapozalia. Samaki hawajui mipaka, na wanaokulia ndani huja kuvuliwa nje. Mvuvi anayetia kokoro katika mazalio anakula mbegu, sawasawa na mkulima anayepika mahindi aliyoyawekea msimu ujao. Watakaokula mwaka ujao nao ni jirani zetu, ingawa hawajaja kubisha hodi. Wala hatutaki mtu atumie makala hii kutetea nyavu za macho madogo au kuvua sangara asiyefikia sentimita 50. Sheria hizo ni za haki.

Lakini katika maji hayo hayo mgeni aliyelipia kibali huruhusiwa kuvua kwa fimbo na ndoano kwa ajili ya mchezo. Humvuta sangara kwa nusu saa, humpima, hupigwa picha naye, na aghalabu humrudisha majini. Wenye kutetea jambo hili wana hoja, nasi hatutaki kuidharau. Fimbo moja haipunguzi samaki kama nyavu zinavyopunguza. Fedha ya kibali hulipa askari wanaozuia ujangili. Kwa hesabu, hawakukosea.

Ila mvuvi hapigi hesabu hiyo peke yake. Yeye ameambiwa, "Usivue hapa, mahali hapa ni patakatifu," naye akatii, watoto wakalala na ugali wa chumvi. Kisha anaona mwingine akivua mahali pale pale, tena si kwa njaa. Afadhali angekula! Kwa desturi zetu, kumtoa kiumbe majini kwa ndoano mdomoni na kumrudisha ukiwa umekwisha kufurahi ni jambo gumu kulieleza kwa watoto tuliowafundisha kwamba chakula hakichezewi. Sisi twasema wazi kwamba kufunga mlango si kosa, maadam umefungwa kwa wote. Kosa huanza pale mlango unapofunguliwa nusu, na mwenye fedha akaruhusiwa kufanya kwa mchezo jambo ambalo maskini anafungwa kwa kulifanya kwa haja. Mgeni na aje, atembee msituni, amsikilize tai mla samaki alfajiri, amtafute nzohe kwa darubini, alipe kiingilio chake na zaidi. Hayo yote hayamchukulii mtu kitu. Fimbo na ibaki nyumbani, au ivue nje ya mpaka pamoja na wavuvi wengine.

Wapo watakaosema kwamba tunawaonea wivu wageni. Lakini rudini kwenye sura ile ya Marko. Mitume walikuwa wamekwenda kupumzika, na makutano yakawatangulia kwa miguu pwani. Bwana hakuwaambia kwamba mahali pale pamewekwa kwa ajili ya mapumziko. Aliwaonea huruma, akawafundisha, na jioni wakala mikate na samaki, kisha vipande vilivyobaki vikakusanywa, kumi na vikapu viwili. Hapo hapo katika sura moja kuna mapumziko, kuna wenye njaa, na kuna uangalifu wa kutopoteza hata makombo. Hatuoni ni kwa nini sisi tuchague moja tuyaache mengine.

Kuhusu safari ya vijana, sisi twaiunga mkono, kwa ombi moja kwa wazee wa kanisa. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, lakini kwa mtoto wa mwaloni nauli ya boti na kiingilio kwa pamoja bado ni fedha za dagaa wa siku mbili. Kabla ya kuandika majina ya kwaya, yaandikwe kwanza majina ya watoto wa wavuvi, hata wale wasiosali kwetu, nao walipiwe kutoka mfuko wa parishi. Mama yule mwuza dagaa ana watoto wanne. Na mzee aliyeuliza kuna nini huko naye achukuliwe. Atafutiwe mahali penye kivuli karibu na mawe, pimbi watamjia wenyewe.