Askari Hakukosa Kula

Mwaka 1996, tarehe 25 Julai, Buyoya alitwaa nchi ya Burundi kwa jeshi. Siku sita baadaye marais wa jirani walikutana hapa hapa Arusha wakaiwekea vikwazo vya uchumi. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu kabisa. Mwenye bunduki asizoee kuchekewa.

Halafu jumuiyani kwetu Kimandolu, mama mmoja aliyekulia Burundi akaniambia, "Mwanangu, askari hakukosa kula. Mimi ndiye nilikosa daftari."

Nikanyamaza. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanakubali vikwazo, ila visiwe fimbo ya kuwachapa wananchi wote, na vipimwe mara kwa mara. Vyakula, vifaa vya shule na pembejeo vililegezewa Aprili 1997. Zaidi ya miezi minane! Kwa mtoto ni karibu mwaka mzima wa shule.

Bado nasema Mwalimu hakukosea kumbana Buyoya. Juni 1998 mazungumzo yakaanza Arusha. Ila daftari lingepita mpakani tangu siku ya kwanza. Huyo mama sijamjibu bado.