Meza Usiyoichagua



Kwenye meli kubwa za utalii, zile zinazobeba watu maelfu kutoka bandari hadi bandari, kuna utaratibu wa zamani wa chakula cha jioni. Ukishapanda unapewa namba ya meza, na hiyo ndiyo yako safari nzima: saa ileile, mhudumu yuleyule. Mkiwa wawili tu, mnaweza kuwekwa meza ya watu sita au wanane msiowajua kabisa. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaleta mtindo wa abiria kula saa anayotaka, na mtu anayemtaka. Watu wakaupenda, kampuni nyingine nazo zikalegeza kamba, na siku hizi mara nyingi abiria anachagua mwenyewe.

Swali langu linaonekana dogo. Je, nina deni lolote kwa mtu niliyewekwa naye meza moja bila mimi kuulizwa?

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, amefanya kazi ya uhudumu kwenye meli ya namna hiyo. Anasema usiku wa kwanza kila mtu ni mwema. Umetoka wapi, hii ni safari yako ya ngapi, watoto wangapi. Mtihani ni usiku wa pili, kwa sababu baada ya mlo wa kwanza wapo wanaomfuata msimamizi wa ukumbi kimyakimya na kuomba wahamishwe. Inaruhusiwa. Safari moja alikuwa na meza ya watu watano: wanandoa jozi mbili, na mama mmoja mjane asiyesikia vizuri, ambaye kila sentensi lazima umrudie. Usiku wa pili wale wanne hawakuonekana. Mama aliziangalia sahani nne zisizo na watu, akauliza kama wenzake wanaumwa. Kaka akasema hajui. Alijua. (Uongo wake huo tuuache, nao una mjadala wake.) Usiku zilizobaki alikuwa akisimama kwenye meza ile muda mrefu kuliko kawaida, maana mhudumu haruhusiwi kukaa.

Wale wanne walikosea? Sitaki kuwarukia. Wamelipa hela zao, wamechoka na kazi, wanataka kucheka. Tena kuna kuhama ambako ni halali kabisa: binti aliyewekwa karibu na mlevi anayemshikashika anyanyuke mara moja, na asije mtu kumhubiria uvumilivu. Lakini wale hawakukimbia hatari. Walikimbia kurudia sentensi.

Kuna kijana ataniambia: upendo wa kulazimishwa si upendo, siwezi kujifanya rafiki wa mtu nisiyevutiwa naye. Sawa, lakini nani kasema urafiki? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, ana sehemu nzima kuhusu kukaa na watu kwa uchangamfu na adabu. Kinachonishangaza ni mahali alipoiweka: kwenye mambo ya haki. Kwake ni aina ya deni, kwa kuwa binadamu hawezi kuishi vizuri na wenzake bila hilo. Tena mwenyewe anakubali kwamba hatumpi mgeni ukaribu uleule tunaowapa watu wetu wa ndani. Yaani humdai mjane yule siri zako wala yeye hakudai zako. Anakudai umpitishie mkate, urudie sentensi mara ya tatu bila kukunja uso, na simu ibaki mfukoni. Kumbe hata asiyevutiwa anaweza kulipa.

Na mwangalie Bwana wetu. Manung'uniko mengi dhidi yake yalihusu meza, kwamba anakula na watu wasiofaa. Hata kwenye wale Kumi na Wawili, alimweka Mathayo, mtoza ushuru, aina ya watu waliohesabiwa wasaliti, pamoja na Simoni aliyeitwa Zelote, jina la mtu mwenye moto kwa ajili ya taifa lake. Wangechagua wenyewe, sidhani kama wangekaa meza moja. Hakuna aliyeulizwa na Bwana kama anampenda mwenzake kwanza.

Sisi huku hatupandi meli hizo, ila meza tunayo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, miaka ya 1970, hawakutupanga kwa umri wala kwa kupendana. Walitupanga kwa ujirani. Jirani yako ndiye mwenzako, awe anakukera asikukere. Nasikia vijana wengi wakisema jumuiya ni ya wazee, wao wana kundi lao la WhatsApp, wanasali huko. Kundi ni zuri, na mimi nimo. Lakini mle kila mtu kachaguliwa, na ukichoshwa unatoka kwa kidole.

Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Wiki hii ni zamu ya mzee mmoja ambaye akishika maombi hamalizi, na anasimulia habari za ng'ombe wake aliowauza zamani. Viti vyake ni vichache, kwa hiyo tunabanana kwenye mkeka. Chai yake huwa ya tangawizi.